Kichaka cha Valérie

Ernestine alikuwa na pua ya kudharau, na hakuwahi kuificha. Akiangalia kabichi yako sokoni, pua inajikunja. Akiangalia nguo yako ya sikukuu, inajikunja tena. Ukimuonyesha mutoto wako mupya anamutazama kidogo, anasema, "Ee, atakua tu," na unabaki hapo na mutoto mikononi, hujui kama umesifiwa ama umetukanwa. Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, kwenye udongo ule mweusi ambao ukiangusha maharagi pembeni ya njia, ukirudi unakuta yanakupanda miguuni. Mutu aliyelelewa na udongo kama ule, muji wa Goma utamuonyesha nini?

Bwana yake, Célestin, ndiye aliyemuleta. Célestin alikuwa muvunja mawe. Alipasua mawe ya volkano kwa nyundo, na kamiyo, magari makubwa ya mizigo, zilikuja kuyachukua kwa kujengea nyumba za wakubwa kule pembeni ya ziwa. Alikuwa mutu mupole, wa maneno machache, vumbi jeusi halimutoki kwenye kope. Siku alipomufikisha bibi yake Kibati, pale barabara inapopanda kuelekea Rumangabo, Ernestine alishusha muzigo, akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Mawe. Mawe meusi yaliyokunjamana na kupasukapasuka, toka barabarani mpaka chini ya mulima, na Nyiragongo juu yake inatoa moshi bila haya.

"Célestin," akasema, "umenitoa kwetu uje uniweke ndani ya jiko?"

Célestin akacheka. Ernestine hakuwa anachekesha.

Na katikati ya mawe yale mulikuwa na kichaka. Nisiwadanganye, hakikuwa kitu cha kumusimamisha mutu na safari yake. Kinafika kiunoni, basi. Matawi yamepindapinda, majani ni madogo na manene, rangi ya majivu, na chini yake yana manyoya meupe. Mbuzi wakiyaonja wanatema. Ukikata kuni zake, zinatoa moshi, hazitoi moto. Kinaota ndani ya nyufa za mawe tu, pale ukungu wa mulima unapodondoka asubuhi. Kinakunywa ule ukungu, na zaidi ya hapo hakimuombi mutu kitu. Ukishuka Goma, hukioni. Ukipanda Rumangabo, hukioni. Ukifika mpaka Bunagana, hukioni. Ni kwenye kile kipande cha mawe ya zamani tu, kati ya barabara na mulima, na hata pale havikuwa vingi. Watu wa Kibati hawakujisumbua kukipa jina. Walisema "kile cha mawe," wakaendelea na njia yao.

Kuna siku muzungu mumoja, mutu wa mambo ya mimea, alishuka kutoka Rumangabo, akapiga magoti mbele ya kichaka kimoja, akakipima kwa kamba, akakipiga foto pande zote. Akawaambia watu waliokusanyika kwamba duniani kote kichaka hiki hakijaonekana mahali pengine. Ernestine alikuwa amesimama pale, ndoo ya maji kichwani.

"Na miye pia sijaonekana mahali pengine," akasema. "Mbona hanipimi?"

Watu walicheka mpaka muzungu naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

Halafu Valérie akafa. Alikuwa mutoto wao wa kwanza, alikuwa ameanza tu kutembea, anaanguka kwenye mawe na kuinuka bila kulia, na Ernestine alimupendea hilo ijapokuwa hakulisema. Surua ilimuchukua msimu wa vumbi. Gari la kumupeleka kuzikwa Masisi halikupatikana, na kwenye mawe ya Kibati huchimbi kaburi, hata ukiwa na nyundo ya Célestin. Wenye shida walifanya hivi: unatafuta ufa mupana, unamulaza mutu wako ndani, unamufunika kwa mawe unayoyachagua moja moja. Célestin alichagua yale yasiyo na makali. Juu wakasimamisha musalaba wa mbao.

Musalaba haukumaliza hata masika. Kuna mutu aliupeleka jikoni kwake. Ernestine alimulaani mutu yule, akailaani na sufuria yake, lakini laana haionyeshi mahali. Mawe yale, ukigeuza shingo tu, yote yamekuwa mamoja. Alizunguka asubuhi nzima, anaweka muguu huku, anautoa, anaogopa kumukanyaga mutoto wake. Ndipo akakiona. Kichaka kimoja kilikuwa kimeota kwenye ufa uleule, upande wa kichwa cha Valérie, shina limepinda kuelekea kuume kama mutu anayesikiliza mulangoni. Akayashika mawe ya chini yake. Yalikuwa yale yasiyo na makali.

"Kumbe ni weye," akakiambia. "Kichaka cha bure! Kwa vitu vyote alivyoumba Mungu, ni weye ameniachia."

Lakini toka siku ile, hakikuwa tena "kile cha mawe." Hata walipohamia Goma, Célestin alipopata parsele, kiwanja cha kujenga, na watoto wengine wakazaliwa, wazima na wenye makelele, Ernestine hakuacha kupanda Kibati. Alifanya biashara ya kabichi, na kabichi zilishuka na kamiyo kwa barabara ileile. Alizingojea pale. Anashuka kwenye mawe, anakaa pembeni ya kichaka, anakisimulia mambo ya soko, nani ameiba, nani ameolewa vibaya. Kikitoa vile viua vyake vidogo vya zambarau, anakunja pua: "Hata kunukia hujui." Nyumbani alisema tu, "Napita kwa Valérie," na Célestin hakuuliza zaidi.

Sasa ikaja ile miaka ya kubadilisha kila kitu. Inchi ikaitwa Zaïre, ziwa likabadilishwa jina, na Ernestine akaambiwa kwamba jina lake ni uchafu wa wakoloni. Kwenye karatasi akawa Nyiramahirwe, jina la bibi yake muzaa mama. Jina lenyewe halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwa yule aliyekuja kumufundisha namna ya kuitwa.

Huyo alikuwa Bulonza, mutu wa kutoka Bukavu. Mpaka jana yake aliitwa Zéphirin, na kanisani ni yeye aliyepiga kengele ya misa kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na kuwafinya watoto wanaosinzia. Leo amefunga abacost, lile koti la taifa lisilo na tai, mpaka kooni, jasho linamutiririka, fimbo mukononi, na amekuwa shefu wa salongo wa kartie, mutaa nzima. Salongo, kwa asiyeijua, ni hivi: siku ya posho, ndiyo jumamosi, asubuhi filimbi inalia, unatoka na jembe lako mwenyewe, unasafisha barabara wanayopita wengine na magari yao, na jioni unapewa shukrani ya taifa. Ukikataa, unalala kasho, ndani ya gereza.

"Zéphirin," Ernestine alimuita siku ya kwanza, "jembe lako liko wapi?"

"Citoyen Bulonza!" akamurekebisha, maana siku zile kila mutu alikuwa citoyen, raia, na "bwana" ilikatazwa.

"Ee, pole. Citoyen Zéphirin."

Bulonza alimutumikisha kwenye mufereji muchafu kuliko yote kwa jibu lile. Ernestine alisema jibu lilistahili mufereji.

Kulikuwa pia na mukubwa mumoja wa Kinshasa, jina lake tuliache lilale, aliyekuwa na villa kwenye ziwa. Siku moja anashuka ndani ya gari, anaangalia maua ya waridi yaliyopandwa na Wabelgiji mbele ya mulango, anasema, "Hawa Wabelgiji, mpaka leo wanalinda mulango wangu?" Pengine alikuwa anachekesha. Lakini Bulonza hakujua kitu kinachoitwa kuchekesha. Kabla ya jua kuzama waridi zote zilikuwa zimeng'olewa na kutupwa ziwani, na Bulonza amesimama mbele ya udongo mutupu anajiuliza, sasa nipande nini cha kwetu? Ndipo mutu mumoja akamukumbusha kile kichaka cha Kibati, ambacho muzungu alisema hakionekani mahali pengine duniani.

"Cha kwetu peke yetu!" Bulonza alisema, na machozi karibu yamutoke. "Authenticité, uasili wenyewe!"

Basi siku ya posho iliyofuata, salongo ilipakiwa kwenye kamiyo mpaka Kibati. Wanaume walichokoa nyufa na mitalimbo, wanawake wakabeba. Na kichaka kile, ambacho hakuna mutu aliyekijali, kilikuwa kimeushika mwamba sawasawa: kila kimoja kilitoka kimekatika nusu, mizizi imebaki ndani. Wakavipanda kwenye villa, kwenye udongo mweusi ulioletwa na kamiyo nyingine kutoka Masisi. Ernestine aliutambua udongo ule kwa harufu kabla ya kuuona. Alichukua kidogo, akausugua kwenye vidole. Udongo wa kwetu, akawaza, nao umeletwa hapa kumutumikia Zéphirin.

Vichaka vikamwagiwa maji asubuhi, vikamwagiwa maji jioni. Vikageuka njano, vikadondosha majani, vikafa. Bulonza akasema maji hayakutosha. Wakaenda kuleta vingine, wakaongeza maji, vikafa. Akasema ni mbolea. Wakaleta vingine, wakaweka mavi ya ng'ombe. Hivyo vilikufa haraka zaidi.

Na Ernestine? Ernestine alifurahi. Haki ya Mungu, hakuwahi kufurahi hivyo toka aolewe. Sokoni alimuigiza Bulonza akiinama juu ya kichaka, fimbo kwapani, kama mutu anayemuuliza muzee mahututi ameacha wapi ufunguo wa sanduku. Wanawake walishika mbavu. Alicheka kwa sababu vichaka vilikuwa vya mawe tu, si vyake. Kwamba kila kamiyo ilikuwa inasogea kidogo kuelekea kwa Valérie, hakuliona, ama hakutaka kuliona.

Mpaka siku moja kamiyo ikasimama, Bulonza akashuka, akatembeza macho kwenye mawe. Pande zote, nyufa tupu. Kilibaki kimoja, kimepinda kuelekea kuume.

"Kile pale," akasema. "Leteni mutalimbo."

Ernestine aliuona mutalimbo unashushwa. Mutalimbo hautachokoa kichaka tu. Utayafunua yale mawe aliyoyachagua Célestin, na kila kitu kilicho chini yake. Wanawake wa Kibati waliokuwa pale walijua nini kimelala hapo, na waliangalia chini. Kumuambia Bulonza ukweli? Kumuomba, yule aliyefinya watoto kanisani? Angesema kaburi bila ruhusa, angeita askari, ama, kibaya zaidi, angemuonea huruma. Ernestine hakuweza kumeza huruma ya Zéphirin. Akachukua kitu alichokuwa nacho siku zote.

"Aka!" akasema kwa sauti, pua imejikunja. "Citoyen, utamupelekea mukubwa takataka hii?"

"Takataka gani?"

"Hiki si cha kwetu. Nimeishi hapa, nakijua. Kilipandwa na padri mumoja mubelgiji. Hata alikibatiza. Kinaitwa Valérie."

Mwenye mutalimbo akaushusha. Ernestine akaona uso wa Bulonza unageuka, unaingiwa na woga, na kwa kitambo kidogo alijipongeza: mujinga ameingia, ataondoka sasa. Lakini alikuwa amemudharau kupita kiasi, na mutu ukimudharau hivyo unaacha kufikiri atafanya nini. Bulonza hakurudi nyuma. Alipiga fimbo juu ya jiwe.

"Cha wakoloni! Na jina la ubatizo! Kikatwe! Kichomwe!" Akachukua panga kwa mutu wa karibu, akamunyooshea. "Citoyenne Nyiramahirwe, weye uliyetufumbua macho, ndiye utaanza."

Angekataa, angewaachia wale wa mitalimbo. Panga linakata juu tu. Mutalimbo unashuka chini. Alilijua hilo upesi kuliko alivyowahi kujua kitu. Akachukua panga.

"Kichaka cha bure," akasema, akakata. "Hakifai hata kuni." Akakata. "Hakijui hata kunukia." Hakulia. Hakutaka Zéphirin apate machozi yake juu ya vingine alivyopata. Wakawasha moto juu ya kisiki, na moshi ule muchungu ukamufuata Bulonza kwenye koo la abacost, akakohoa mpaka akapanda kamiyo. Alisema kazi imeisha, na watu warudi nyumbani.

Jioni alimukuta Célestin mulangoni.

"Nimemukata," akasema.

Célestin alimusikiliza mpaka mwisho. Halafu akaleta maji, akamunawisha utomvu kwenye vidole, kimoja kimoja. Siku ya Mungu, baada ya misa, walipanda wote wawili kutafuta kisiki. Hawakukiona. Makaa meusi kwenye mawe meusi, na mvua ilikuwa imepita. Célestin aliyapasua mawe maisha yake yote, na hata yeye alizunguka kama mugeni, hathubutu kukanyaga. Walirudi na miguu iliyokatwa na mawe.

Kuhusu ile villa, ni aibu hata kusimulia. Mukubwa hakurudi kuangalia. Aliyekuja ni bibi yake, akauliza ni mujinga gani aliyeng'oa waridi zake. Bulonza alizipanda upya kwa mikono yake, ndani ya abacost, magoti kwenye mavi ya ng'ombe. Lakini habari ya kichaka kisichoonekana mahali pengine ilikuwa imefika Kinshasa, na ikarudi na amri: kitafutwe kimoja, kiletwe ndani ya sanduku, kionyeshwe wageni. Bulonza akapewa jeep na dereva. Akawa anapanda na kushuka barabara ya Kibati, kichwa nje ya dirisha, anachungulia nyufa za mawe alizozimaliza mwenyewe.

Ernestine naye alipanda kila alipopata nafasi, anazunguka, anarudi. Msimu wa vumbi ukapita hivyo. Alipungua. Sokoni watu walimuonyesha watoto wao, akasema, "Muzuri," na walirudi nyumbani na wasiwasi.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja ya ukungu, aliliona jani. Dogo, nene, rangi ya majivu. Halafu lingine. Yalikuwa yanatoka kwenye ufa, upande wa kuume. Alipiga magoti, akasukuma mukono ndani, akapapasa mawe ya chini. Yasiyo na makali.

"Umechelewa," akasema. "Mutoto wa kuchelewa hivi."

Akasikia motere ya gari. Jeep ilikuwa inashuka polepole kutoka juu, na kichwa cha Bulonza nje. Hakukuwa na pa kujificha, wala kitu cha kukifunika isipokuwa kile alichokuwa amejifunga. Ernestine alisogea, akachuchumaa juu ya kichaka, akakitandaza kikwembe chake kikafika chini pande zote. Majani yakamugusa muguu.

Jeep ikasimama.

"Citoyenne! Unafanya nini hapo chini?"

"Nakojoa, Citoyen!" akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Ama kukojoa nako kumekuwa kwa wakoloni?"

Dereva akaangua kicheko, akalala juu ya usukani. Bulonza aligeuza uso, amekunja pua, na kwa mara ya kwanza maishani Ernestine aliibariki pua ya mutu mwingine kwa kujikunja.

"Watu wasio na haya," Bulonza akasema. "Twende. Hapa hamuna kitu."

Hakuinuka upesi. Alikaa vile, amechuchumaa, mpaka sauti ya jeep ikaisha kabisa upande wa Goma, na hata baada ya hapo. Halafu akakitoa kikwembe taratibu, jani moja moja, lisivunjike kitu.

"Sikukukojolea, mama," akaliambia lile jani, chini chini. "Nilikuwa nadanganya wajinga. Usichukue vibaya, Valérie."

Akapangusa magoti. Kwa sababu wachunga mbuzi walikuwa wanakuja na macho yao, alikitukana kichaka kwa sauti kubwa, akatema mate pembeni, akapanda barabarani kungojea kamiyo ya kabichi.